Je, umaskini wa taifa unaweza kuhalalisha vita?

Ndugu msomaji,

Umeuliza hivi: ikiwa mgawanyo wa utajiri duniani si wa haki, na ikiwa mataifa tajiri yanaulinda huku yakijua kwamba unaua watu, kwa nini taifa maskini lisihesabiwe kuwa na sababu ya haki ya kuingia vitani na kuchukua kilicho chake? Ukaongeza kwamba dunia huliruhusu taifa kupigania kipande cha ardhi ambacho pengine hakina hata mkazi mmoja, lakini hulikataza kupigania maisha ya mamilioni ya watu wake.

Jibu langu ni kwamba vita vya namna hiyo havina uhalali, isipokuwa katika hali moja nitakayoieleza mwishoni. Hata hivyo, sikubaliani na sababu zinazotolewa mara nyingi. Wapo wanaosema kwamba umaskini ni bahati mbaya isiyo na mkosaji, na wapo wanaosema kwamba madhara ya biashara na mikopo hayawezi kamwe kulinganishwa na madhara ya risasi. Sababu zote mbili ni dhaifu, na ubaya wake ni kwamba ukizikubali unamwacha mwenye mali bila wajibu wowote. Katazo ninalolitetea mimi linambana tajiri zaidi kuliko linavyombana maskini.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo iliyolipa swali lako sura lililo nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika ibara ya 2(4), unakataza kutumia nguvu dhidi ya taifa jingine, na ibara ya 51 inabakiza haki ya kujilinda pale linapotokea shambulio la silaha. Mkataba huo ulipokuwa ukiandaliwa San Francisco, Brazil ilipendekeza kwamba katazo lihusishe pia mabavu ya kiuchumi. Pendekezo hilo likakataliwa. Mwaka 1974, Baraza Kuu lilipoeleza maana ya uchokozi katika azimio namba 3314, lilitaja uvamizi, mabomu na kuzingirwa kwa bandari au pwani na majeshi ya nchi nyingine, lakini halikutaja bei, riba wala masharti ya mikopo. Kwa hiyo manowari zikisimama nje ya bandari na kuzuia nafaka isiingie, huo ni uchokozi. Nafaka ikikosekana kwa sababu akiba yote ya fedha za kigeni imekwenda kulipa riba, sheria haioni uchokozi wowote, ingawa njaa ni ileile.

Hoja yako ina ukoo mrefu kuliko unavyodhani. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, aliandika kwamba mtu aliyefikwa na dhiki ya kufa, akichukua mali ya mwingine ili aokoe maisha yake, hatendi wizi. Wanasheria wa Kiislamu wana kanuni iliyo karibu sana na hiyo, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na papo hapo wakaongeza kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Mwaka 1625 Hugo Grotius, Mholanzi anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sheria ya mataifa, aliiwekea haki hiyo masharti: mhitaji awe kwanza amejaribu njia nyingine zote, asimnyang'anye mtu aliye katika dhiki sawa na yake, na arudishe alichochukua pindi atakapoweza. Ninaitaja historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata wale walioithamini sana milki ya mtu hawakuiona kuwa ukuta usiopitika mbele ya kifo. Lakini haki waliyoizungumzia ni ya kuchukua. Kutoka kuchukua hadi kuua ni hatua nyingine, na hatua hiyo inahitaji hoja yake yenyewe.

Nionavyo, swali lako limekusanya madai matatu ambayo hayana uzito sawa. La kwanza ni kwamba tajiri anacho na hatoi. La pili ni kwamba alichukua kwa nguvu na bado anakishikilia. La tatu ni kwamba anasimamia kanuni zinazoendelea kudhuru leo.

Dai la kwanza halihitaji maneno mengi. Mwaka 1970 Baraza Kuu liliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kama msaada wa maendeleo. Mwaka 2024, miongoni mwa wafadhili wakubwa wanaohesabiwa rasmi, ni Norwe, Luxembourg, Uswidi na Denmark tu waliolifikia. Ni aibu, na mimi naamini ni zaidi ya aibu, kwa kuwa kumwokoa mtu kwa gharama ndogo ni wajibu. Lakini uchoyo peke yake haumfanyi mtu kuwa halali ya kuuawa, na hakuna mapokeo ya maadili ninayoyajua yanayosema hivyo.

Dai la pili ni zito zaidi, na Haiti ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Watu waliokuwa watumwa walilishinda jeshi la Ufaransa na kutangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Mwezi Julai 1825 manowari za Kifaransa zilifika Port-au-Prince zikiwa na amri ya Mfalme Charles X: Ufaransa itautambua uhuru huo ikiwa Haiti italipa faranga milioni 150 za kuwafidia waliokuwa mabwana wa mashamba, na ikiwa meli za Kifaransa zitatozwa nusu tu ya ushuru wa bandari. Awamu ya kwanza ilikuwa faranga milioni 30. Haiti haikuwa nazo, hivyo ikakopa huko huko Paris, na katika mkopo huo wa milioni 30 ilipokea milioni 24 tu baada ya wakopeshaji kukata chao. Aliyetumikishwa alimlipa fidia aliyemtumikisha, na fedha za kumlipa alizikopa kwa riba katika mji mkuu wa nchi ileile iliyomtumikisha. Mwaka 1838 jumla ya deni ilipunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo iliyozaliwa na deni hilo iliendelea kulipwa kwa vizazi.

Lau Haiti ingezifyatulia mizinga manowari zile mwaka 1825, nisingesita kusema kwamba ilikuwa ikijilinda. Je, wajukuu wa wajukuu wao wana haki hiyo leo? Hapana, na tofauti ni kwamba haki ya kupigana hutegemea tishio lililopo: inaruhusu kumzuia anayekujia, na tishio likishaondoka, kinachobaki ni madai. Haki ya kulipwa haiondoki pamoja na tishio. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa pande zote mbili, mmoja akidhani kwamba kwa kuwa deni bado lipo basi na haki ya kupigana ipo, mwingine akidhani kwamba kwa kuwa haki ya kupigana imekwisha basi na deni limekufa. Aprili 2025 Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya wanahistoria wa Ufaransa na Haiti ya kuichunguza historia hiyo. Kuchunguza ni jambo jema, ila tarakimu kuu za deni lile zimejulikana kwa karne mbili, na kilichokosekana muda wote huo ni ulipaji.

Utaniambia kwamba madai yasiyo na mahakama ni maneno matupu, na kwamba mwenye nguvu hakuwahi kungoja mahakama. Ni kweli. Desemba 1902 Uingereza na Ujerumani, kisha Italia, ziliizingira pwani ya Venezuela ili kudai madeni na fidia za raia wao. Walizikamata au kuzizamisha meli ndogo za kivita zilizokuwa ndizo jeshi la majini la nchi ile, na wakaipiga mizinga ngome ya Puerto Cabello. Venezuela ilikubali kutenga asilimia 30 ya mapato ya forodha ya bandari za La Guaira na Puerto Cabello kwa ajili ya wadai. Kulikuwa na nchi nyingine zilizoidai Venezuela ambazo hazikutuma manowari, nazo zikaomba kulipwa kwa usawa. Shauri likaenda kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ambayo Februari 1904 iliamua kwamba wale watatu waliozingira walipwe kwanza. Yaani chombo kilichoundwa ili mataifa yasipigane kilitoa zawadi kwa waliopiga.

Uamuzi ule uliwashtua wengi, na Luis María Drago, waziri wa mambo ya nje wa Argentina, alikuwa amekwisha kusema tangu mwanzo kwamba deni la serikali halipaswi kudaiwa kwa silaha. Mwaka 1907 mkataba wa The Hague ulikataza kutumia nguvu kudai madeni ya kimkataba, isipokuwa mdaiwa akatae usuluhishi au akatae kutii hukumu yake. Miongo sita baadaye, Mkataba wa Vienna wa 1969 ulisema katika ibara ya 52 kwamba makubaliano yaliyopatikana kwa vitisho vya nguvu ni batili. Lakini mkataba huo haurudi nyuma kugusa yaliyofanyika kabla yake. Matokeo yake ni kwamba mlango wa kuchukua kwa mizinga ulifungwa baada ya wachukuaji kuwa wamekwisha kuingia na kutoka na walivyovitaka. Nakubaliana nawe kabisa kwamba kuwaambia maskini waheshimu mlango huo, bila kugusa kilichotoka kupitia hapo, ni nusu ya haki.

Sasa dai la tatu, ambalo ndilo linaloishi nasi. Kati ya kanuni zinazodhuru, ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote ni ile inayomtambua yeyote anayeikamata ikulu kwa bunduki kuwa na mamlaka ya kuuza madini na mafuta ya nchi na kukopa kwa jina la wananchi. Mnunuzi wa nje anapata hati safi ya mali, mkopeshaji anapata deni linalomfuata hata mtoto ambaye hajazaliwa, na mwenye bunduki anapata fedha za kununulia bunduki nyingine. Kanuni hii inatajirisha upande mmoja na kufukarisha upande wa pili, na tena inaifanya vita ya kugombea ikulu kuwa biashara yenye faida. Katika jambo hili umaskini na vita si mada mbili tofauti.

Kwa hiyo nakubali kwamba dhuluma ipo, na kwamba katika dai la pili na la tatu ina wakosaji. Kwa nini basi nakataa vita? Sababu yangu kuu inahusu nani atakayeuawa. Sababu ya haki haitoshi kuhalalisha vita. Ni lazima pia wale watakaolengwa wawe wamepoteza kinga yao kwa walichokitenda. Askari anayevuka mpaka akiwa na silaha ameifanya nafsi yake kuwa sehemu ya tishio, na unaweza kumzuia kwa kumpiga. Lakini kanuni za mikopo na biashara hushikiliwa na kodi, kura, akiba za uzeeni na ununuzi wa mamilioni ya watu, ambao mchango wa kila mmoja wao ni mdogo kama punje, na wengi wao hawajui hata kwamba wanachangia. Ukianzisha vita, hao si watakaosimama mbele yako. Watakaosimama ni vijana waliojiandikisha jeshini, mara nyingi kwa sababu kwao pia kazi ni adimu. Na waliozitunga kanuni zenyewe watakuwa mbali kuliko wote.

Kuna pingamizi kali hapa, nami sitaki kulipita. Mtu anaweza kusema kwamba askari wa nchi tajiri anayezuia wenye njaa wasichukue chakula kilicho haki yao ni mshiriki wa dhuluma, hata kama hakuitunga. Naona pingamizi hilo lina ukweli, na ndiyo maana nilitaja mapema kwamba kuna hali moja ninayoiachia nafasi. Lakini linahalalisha tu kumpita askari huyo njiani kuelekea kwenye chakula. Vita kati ya mataifa haviko hivyo. Vinachoma maghala yaleyale yanayogombaniwa, na maskini wa nchi iliyoanzisha ndio wanaoanza kufa, kwa risasi, kisha kwa magonjwa, kisha kwa kukosa mbolea na mafuta.

Kama unataka kuona hoja yako ikijaribiwa na mtu aliyekuwa na jeshi, itazame Iraki ya 1990. Ilitoka katika miaka minane ya vita na Iran ikiwa na madeni makubwa, sehemu yake ikidaiwa na Kuwait. Saddam Hussein alidai kwamba Kuwait ilikuwa ikichimba mafuta kupita mgao wake uliowekwa na OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na kuishusha bei kwa makusudi, na mwezi Mei mwaka huo aliwaambia viongozi wa nchi za Kiarabu kwamba jambo hilo ni aina ya vita dhidi ya Iraki. Malalamiko kuhusu mgao hayakuwa ya kubuni tu; Kuwait kweli ilikuwa ikiuzidi. Tarehe 2 Agosti aliivamia. Zilifuata vita, vikwazo vya miaka zaidi ya kumi vilivyowafukarisha raia ambao hawakuulizwa chochote, na fidia ya dola bilioni 52.4 iliyolipwa kutoka katika mapato ya mafuta ya Iraki hadi mwaka 2022. Simlinganishi Saddam na watu unaowatetea wewe, kwa sababu madai yake yalikuwa ya mtawala na si ya wenye njaa. Ninachoonyesha ni kwamba mlango ukifunguliwa kwa ajili ya wenye njaa, anayepita wa kwanza ni mwenye jeshi, naye hujihukumia mwenyewe kesi yake.

Na hata fidia zenyewe hazigawanywi kwa mizani moja. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kuivamia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na ya kutotimiza wajibu wake kuhusu uporaji wa maliasili. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Mwaka 2022 ilipewa dola milioni 325, kati ya hizo milioni 60 zikiwa za maliasili. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi wa hasara haukutosha kwa kiasi kilichodaiwa, na kisheria hoja hiyo inaeleweka. Lakini nani anayeweza kutunza stakabadhi za dhahabu iliyoporwa katikati ya vita? Kuwait ilikuwa na Baraza la Usalama nyuma yake, pamoja na tume maalumu na mapato ya mafuta ya mshindwa yaliyokatwa moja kwa moja. Kongo ilikuwa na mawakili tu.

Nimekwisha kusema kwamba katazo hili linambana tajiri zaidi, na sasa niseme kwa namna gani. Ikiwa umaskini haumpi mtu haki ya kuua, basi utajiri wa shaka hauwezi kuwapa wenye nao haki hiyo ili waulinde. Mwaka 1962 Baraza Kuu lilitambua, katika azimio namba 1803, kwamba maliasili ziko chini ya mamlaka ya kudumu ya wananchi wa nchi husika, na kwamba zinaweza kutaifishwa kwa fidia inayofaa. Taifa likitaifisha mgodi, likikataa kulipa deni alilolikopa dikteta kwa ajili ya kuwakandamiza watu wale wale wanaotakiwa kulilipa leo, au likitengeneza dawa ambayo hataza yake iko mikononi mwa kampuni ya nje wakati wa janga, halijamshambulia mtu. Kuhusu dawa, hata sheria ya biashara inakubali: tamko la Doha la 2001 lilithibitisha kwamba nchi zinaweza kutoa leseni za lazima, yaani ruhusa ya serikali ya kutengeneza dawa bila idhini ya mwenye hataza, ili kulinda afya ya watu wao. Mapinduzi ya 1953 nchini Iran, yaliyopangwa na Marekani na Uingereza baada ya mafuta kutaifishwa mwaka 1951, yalikuwa dhuluma hata kama tungekubali kwamba kampuni iliyopoteza visima ilistahili fidia kubwa zaidi.

Ndiyo maana ninaamini kwamba kile unachokitafuta katika vita kimo katika ukaidi wa makusudi. Nchi moja ikigoma kulipa deni haramu itaadhibiwa na masoko. Nchi nyingi zikigoma pamoja, wakopeshaji watakaa mezani. Tofauti na vita, ukaidi humlenga aliyefaidika kwa kumnyima faida ileile aliyoipata isivyo haki, na ukikosewa unaweza kurekebishwa. Kwa kusema hivyo sidai kwamba hauna gharama, kwa kuwa mkopo unaofuata utakuja kwa riba kubwa na watakaoumia kwanza ni walewale. Lakini watakuwa hai kuyajadili makosa yake.

Hali niliyoiachia nafasi inatokea hapo. Tuseme nchi inakabiliwa na janga linaloua maelfu, imeomba dawa kwa bei inayoweza kulipika na kunyimwa, imekwenda mbele ya usuluhishi na kucheleweshwa, kisha imeanza kutengeneza dawa hiyo yenyewe, na nchi tajiri inatuma ndege kukipiga kiwanda au manowari kuizuia malighafi. Kukilinda kiwanda hicho kwa silaha ni haki, kwa maadili na, nionavyo, hata kwa ibara ya 51. Haki hiyo inaishia kwenye ndege na manowari hizo na vituo vinavyozituma. Haifiki katika miji ya nchi iliyozituma wala kwa raia wake, hata wale waliopiga kura kuunga mkono shambulio hilo.